Diski ni GB 120, seva inasema imejaa: nafasi ya kwenda Ubuntu 24.04 itatoka wapi?

*Swali: Habari mtaalamu. Nina seva moja, ni mashine pepe, niliyoisakinisha kwa Ubuntu Server 20.04, baadaye nikaipandisha hadi 22.04. Sasa nataka 24.04, lakini do-release-upgrade inanikatalia na kusema /boot haina nafasi. Nilipoangalia zaidi nikakuta hata / ni GB 58 tu na imebakiza GB 6, ilhali diski niliyopewa ni GB 120. Ndani kuna PostgreSQL yenye data ya GB 21 na kontena chache za Docker. Nifute nini? GB 6 hizo zitatosha? Au nivunje nisakinishe upya, na kama ni hivyo diski niigawe vipi?*

Salama, ndugu yangu. Usivunje kitu, na usifute kitu kwanza. Seva yako haina uhaba wa diski. Karibu nusu ya hiyo GB 120 haijawahi kuguswa tangu siku ulipoisakinisha, na nitakuonyesha ilipo. Ila tuanze na mistari miwili ya `df -h`, amri ya kuonyesha nafasi, uliyoambatisha, maana kesi yote imo humo (`/` ni eneo kuu la mfumo, `/boot` ni la faili za kuuwashia):

```
Filesystem                         Size  Used Avail Use% Mounted on
/dev/mapper/ubuntu--vg-ubuntu--lv   58G   49G  6.2G  89% /
/dev/sda2                          974M  824M   99M  90% /boot
```

Fanya hesabu ya mstari wa kwanza. 58 ukitoa 49 unabaki na 9, lakini safu ya nne inasema 6.2. Zile GB 3 hazijapotea. Mfumo wa faili wa ext4, usipoambiwa vingine, huweka kando asilimia 5 ya ukubwa wake kwa ajili ya mtumiaji root peke yake, ili msimamizi aweze kuingia na kufanya usafi hata diski ikijaa. Wengi hukimbilia `tune2fs -m 1` kuipunguza akiba hiyo wakidhani wamepata nafasi ya bure. Kwa kazi iliyo mbele yako haisaidii sana. dpkg, programu inayofungua na kusakinisha vifurushi vya programu, huendeshwa na root, kwa hiyo akiba hiyo tayari ni yake. Anayeumia ni mwingine: hifadhidata yako, PostgreSQL, hutumia akaunti yake ya kawaida, nayo hugonga ukuta wakati upandishaji bado una GB 3 za kuchezea. Mara ya kwanza kukutana na hili ilikuwa saa nane za usiku. Nilikuwa nimekodolea macho teminali, vifurushi vinafunguka kimoja baada ya kingine, kila kitu shwari, kumbe hifadhidata imezimika dakika kumi nyuma na mimi sina habari.

Kwa hiyo GB 6 hazitoshi, na sababu si ukubwa wa Ubuntu 24.04. Toleo jipya likishatulia mahali pake huchukua nafasi inayokaribiana na ya lile la zamani. Kinachotaka hesabu ni nafasi ya kugeukia. Lori haligeuzwi kwenye njia yenye upana wake lenyewe.

Tazama linavyogeuka. apt, msimamizi wa vifurushi wa Ubuntu, hupakua vifurushi vyote, hadi cha mwisho, na kuviweka kwenye `/var/cache/apt/archives` kabla ya kufungua hata kimoja. Kisha dpkg hufungua kila kifurushi kwa kuandika faili mpya kando ya ile ya zamani, ikiwa na mkia wa `.dpkg-new`, na ikishakamilika ndipo hubadilishana jina. Kwa muda huo mfupi kifurushi kipo mara mbili. Kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, nayo haifuti ya zamani. Inakaa kando yake na moduli zake ndani ya `/lib/modules`, na moduli za kerneli moja hufika mamia ya MB. Hata `initrd.img`, ile faili ndogo ya kuwashia mfumo, huandikwa upya kamili kwanza kama faili ya muda, ndipo ya zamani iachiwe.

Kadirio la haya apt hukupa yenyewe kabla hujakubali: MB ngapi itapakua, na ngapi zitakuwa zimeongezeka kazi ikiisha. Jumlisha zote mbili. Mimi huongeza GB 5 juu yake, na sijawahi kujuta. `do-release-upgrade` nayo hukagua kila eneo kivyake, ndiyo maana imekukatalia kwa ajili ya `/boot` hata kabla ya kulalamikia `/`. Isichokijua hata kidogo ni kwamba una hifadhidata ya GB 21 itakayotaka kugeuka pia. Hiyo ni hesabu yako.

Tuanze na huo mlango uliokufungia. GB 1 ya `/boot` ni kipimo cha kisakinishi cha wakati ule; cha siku hizi hukata GB 2. Zile MB 824 ni kerneli za zamani, kwa sehemu kubwa sana. Kila kerneli huacha faili nne humo: `vmlinuz`, `initrd.img`, `System.map` na `config`. Nzito kuliko zote ni initrd, ambayo kwenye seva ya 22.04 mara nyingi hucheza karibu na MB 100. Kadiria MB 135 kwa kila kerneli, gawanya 824, unapata sita. Unahitaji mbili: unayoitumia, na moja ya kukimbilia mambo yakiharibika.

```
uname -r
dpkg -l 'linux-image-*' | grep ^ii
apt-mark showmanual | grep linux-image
```

Amri ya kwanza inataja kerneli inayofanya kazi sasa hivi. Hiyo haiguswi. Ya pili inaorodhesha zilizopo. Ya tatu ndiyo ninayoishuku zaidi kwako. Kwa kawaida Ubuntu hujisafishia kerneli kuukuu yenyewe, lakini iliyowekwa kwa kutajwa jina la toleo lake huhesabiwa kuwa uliitaka mwenyewe, na `apt autoremove` haiigusi milele. Ukikuta namba za matoleo kwenye orodha hiyo, zirudishe kundini kwa `sudo apt-mark auto` ikifuatwa na majina yake. Kifurushi kisicho na namba, `linux-image-generic`, kiache kama kilivyo, kwa kuwa ndicho kinachokuletea kerneli mpya. Halafu:

```
sudo apt autoremove --purge
```

Isome orodha kabla ya kukubali. Nasema hivi kwa sababu autoremove haina adabu ya kutofautisha kerneli kuukuu na maktaba ambayo programu uliyoijenga kwa mkono inaitegemea. Kwake kila kilichowekwa kiotomatiki na kisichotajwa na kifurushi kingine ni taka.

Usiingie `/boot` na `rm`. Ukifuta faili kwa mkono, dpkg inaendelea kuamini kerneli ipo, na siku yoyote initrd yake inaweza kutengenezwa upya na kukurudishia tatizo. Kuna dharura moja tu ninayoiruhusu. Kifurushi cha kerneli kiliishia nusu kwa kukosa nafasi, na kila ukijaribu kuondoa kingine apt inakwambia malizia kwanza kile. Umefungwa pande zote. Hapo futa `initrd.img` ya kerneli kongwe kuliko zote, hiyo moja tu, endesha `sudo dpkg --configure -a`, kisha ondoa kifurushi cha kerneli hiyo hiyo papo hapo, kabla hujawasha upya mashine.

Ukibaki na kerneli mbili utakuwa na zaidi ya MB 600 wazi kwenye `/boot`, na kizuizi hicho kitakwisha. (Kwa wasomaji wenye seva za zamani ambazo `/boot` yake ni MB 250: weka `MODULES=dep` ndani ya `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf` ili initrd ibebe madereva ya mashine hiyo tu. Inapungua sana. Gharama yake ni kwamba ukiihamishia diski hiyo kwenye mashine nyingine huenda isiwake.)

Sasa ile nusu iliyopotea. Kisakinishi cha Ubuntu Server, ukikubali kitumie LVM (mpango wa kugawa diski kwa maeneo yanayoweza kukuzwa baadaye) bila kubadili kitu, hakikupi diski yote. Diski ikiwa kati ya GB 20 na GB 200, `/` hupewa nusu ya nafasi na nusu nyingine huachwa ndani ya kundi la LVM bila kugawiwa mtu. Ikizidi GB 200, hata iwe TB 4, `/` hupata GB 100. Wengi huliona hili kama kasoro na hulilalamikia. Mimi naliona kuwa uamuzi mzuri uliowasilishwa vibaya: skrini ya kisakinishi huonyesha ukubwa huo, lakini nani husoma skrini ya nne ya usakinishaji? Matokeo yake nimeshaona mtu akilipia diski ya pili wakati ya kwanza ina nafasi tele. Andika:

```
sudo vgs
```

Chini ya `VFree` utaona kitu kama 59g. Ndiyo hiyo.

Kishawishi kitakachofuata ni kuimeza yote kwa `-l +100%FREE`, amri inayonakiliwa kuliko zote katika mada hii. Jizuie. ext4 inakuzwa ikiwa kazini, bila kuzima chochote, lakini haipunguzwi mpaka iondolewe kwenye matumizi, na `/` huwezi kuiondoa kwenye matumizi bila kuwasha mashine kwa kifaa kingine. XFS, mfumo mwingine wa faili, ndiyo kwa vitendo haipunguzwi. Kwa hiyo kuongeza ni dakika moja wakati wowote, kurudisha ni kazi ya usiku mzima. Chukua unachokihitaji leo:

```
sudo lvextend -r -L +30G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv
```

Ile `-r` ndiyo inayokuza na mfumo wa faili uliomo ndani. Ukiisahau, LVM itasema imeongeza na df itaendelea kusema 58. Malizia kwa `sudo resize2fs` na jina lile lile la kifaa.

Kwa nini 30? Kwa sababu ya PostgreSQL. Ubuntu 22.04 ilikuja na PostgreSQL 14, na 24.04 ina 16. Kupandisha mfumo hakuhamishi data yako. Kunakuwekea 16 kando ya 14, ikiwa na klasta (hifadhi ya data) tupu, na data yako inabaki ilipokuwa, kwenye `/var/lib/postgresql/14`. Kuhamisha ni hatua yako ya baadaye: unaondoa klasta tupu kwa `pg_dropcluster 16 main --stop`, kisha `pg_upgradecluster 14 main`. Angalia namba mara mbili kabla ya kubonyeza Enter kwenye hiyo ya kwanza, maana tofauti ya kufuta utupu na kufuta kazi ya miaka ni tarakimu moja. Amri ya pili husoma data yote na kuiandika upya kwenye folda ya 16, huku ya 14 ikiwa bado ipo. GB 21 na GB 21 nyingine. Mara nyingi nakala mpya hutoka nyembamba, kwa kuwa uchafu uliorundikana ndani ya majedwali hauhami, lakini sipangi nafasi kwa kutegemea bahati.

Iko njia isiyokula nafasi, `pg_upgradecluster -m upgrade --link 14 main`, ambayo huunganisha faili zile zile badala ya kuzinakili. Ni ya haraka mno. Ubaya wake: klasta mpya ikishawaka, ya zamani si salama kuitumia tena, kwa hiyo huna pa kurudi. Ningekuwa na TB 3 ningeifikiria. Kwa GB 21, wakati VFree ina 59, hakuna sababu.

Basi jumla: GB 21 za nakala ya hifadhidata, na GB 8 hivi za mfumo kugeuka (vifurushi, kerneli mpya, na ile GB 5 yangu imo humo). Hiyo ni 29. Ulikuwa na 6.2, ukiongeza 30 na ext4 ikikata asilimia 5 zake, unafika karibu 34. Unapita, na bado kuna nafasi kidogo ya kupumulia hata kabla ya usafi.

Usafi wenyewe ufanye, ila kwa utulivu, kwa kuwa sasa hautegemei kuokolewa nao. Toa GB 21 kwenye 49 zinabaki 28, na Ubuntu Server tupu pamoja na huduma chache haifiki hata GB 10. Kuna GB 18 zinazohitaji maelezo.

```
sudo du -xh --max-depth=3 / | sort -h | tail -25
```

Ile `-x` inaizuia du isivuke kwenda mifumo mingine ya faili. Bila yake, kontena zako za Docker zitahesabiwa mara mbili na utaona namba zinazozidi diski yenyewe. Nadhani mkosaji mkubwa atakuwa `/var/lib/docker`. Usiende kufuta ndani ya folda hiyo. Uliza `docker system df` kwanza, itakuonyesha imeji, kontena na volyumu kila kimoja na kiasi kinachoweza kurudishwa. `docker image prune -a` huondoa imeji zote ambazo hakuna kontena inayozitumia, na kwa kuwa kwa kawaida zinaweza kupakuliwa au kujengwa tena hilo halina hatari kubwa. Volyumu ni habari nyingine. Humo ndimo watu huweka data, mimi sizifuti bila kujua kila moja ni ya nani.

Jounali ya systemd (logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo), isipowekewa kikomo, hujiruhusu asilimia 10 ya mfumo wa faili hadi kufikia GB 4. `sudo journalctl --vacuum-size=500M` inaitosha. `sudo apt clean` haina madhara kabisa.

Halafu kuna kisa kimoja kinachowachanganya hata wazoefu. Jumla ya du inasema GB 37, df inasema 49. Pengo la GB 12 halionekani popote. Ni faili iliyofutwa huku programu bado imeishikilia. Mtu aliona logi imevimba akaipiga `rm`. Jina likatoweka, lakini programu inaendelea kuiandikia na diski haiachii hata baiti moja mpaka programu hiyo izimwe au iwashwe upya. `sudo lsof +L1` inawataja wote walioshika faili zisizo na jina, pamoja na ukubwa wake. Kwa hiyo logi iliyo wazi usiifute, ikamue: `sudo truncate -s 0` na njia ya faili.

Piga pia `df -i` mara moja. Diski inaweza kuwa na GB tele lakini imeishiwa inodi (rekodi ambayo kila faili huhitaji moja), na ujumbe wa kosa ni ule ule wa kukosa nafasi.

Sasa mpango wa kurudi nyuma, ndiyo sababu sikutaka umeze VFree yote. Kama anayesimamia jukwaa la mashine pepe anaweza kupiga snapshoti (picha ya hali ilivyo, ya kurudia baadaye) ya mashine nzima, mwombe hiyo. Ni nyepesi na inabeba mpaka `/boot`. Asipoweza, LVM inakutosha. Una karibu 29g zimebaki:

```
sudo tar -C / --exclude=boot/grub -czf /root/boot-2204.tar.gz boot
sudo lvcreate -s -n kabla -L 20G ubuntu-vg/ubuntu-lv
```

tar inatangulia kwa sababu `/boot` iko nje ya LVM na snapshoti haiioni. Ukirudi nyuma bila kujua hili, utakuta mfumo wa 22.04 unaombwa uwashwe na kerneli ya 24.04 ambayo moduli zake hazimo tena. Ikikubidi kurudi: `sudo lvconvert --merge ubuntu-vg/kabla`, rudisha faili za kerneli kutoka kwenye ile tar kama zimeshaondolewa, `sudo update-grub`, washa upya, na kwenye menyu ya GRUB, programu inayowasha mfumo, chagua kerneli ya zamani. Kumbuka kwamba kurudi kunarudisha kila kitu, pamoja na kila muamala ulioingia kwenye hifadhidata tangu ulipopiga snapshoti. Kwa hiyo watumiaji wafungiwe mlango kwanza.

GB 20 za snapshoti ni za nini? Snapshoti ya LVM huanza tupu na hujaa kadiri `/` inavyoandikwa. Ikijaa hadi juu, inabatilika yote, huna tena pa kurudi. Ukitazama `sudo lvs`, safu ya `Data%` inakuonyesha imefika wapi. Na hapa pana mtego ambao sijaona ukielezwa vya kutosha: LVM haijui faili, inajua vipande vya diski. Hata ukiandika mahali palipokuwa wazi kwenye `/`, yeye hunakili kilichokuwepo pale kwenda kwenye snapshoti, hata kama kilikuwa takataka. Maana yake ukiendesha `pg_upgradecluster` snapshoti ikiwa hai, zile GB 21 za data mpya zitaijaza na kuiua. Pandisha mfumo kwanza, PostgreSQL 14 ikiwa bado inahudumia. Hakikisha programu zako zinafanya kazi kwa siku moja au mbili, kwa jicho moja kwenye `Data%`. Ukiridhika, ondoa snapshoti kwa `sudo lvremove ubuntu-vg/kabla`, ndipo uhamishe hifadhidata. Na pg_dump (nakala ya hifadhidata) ya siku hiyo iwe nje ya mashine hii, kwa sababu snapshoti iliyo kwenye diski ile ile si bakapu.

Mwishoni mwa upandishaji `do-release-upgrade` itakuuliza kama iondoe vifurushi vilivyopitwa na wakati. Watu hubonyeza ndiyo kwa uchovu. Soma orodha. Ukikuta `postgresql-14` humo, kataa. Data haitafutwa, lakini utabaki na GB 21 zisizo na programu ya kuzifungua, na siyo jambo unalotaka kulitafutia dawa usiku. Usafi huo unaweza kuufanya wiki ijayo kwa autoremove.

Kitu kimoja zaidi, cha kienyeji kidogo lakini kimeniokoa mara mbili: kabla ya kuanza, `sudo fallocate -l 2G /var/akiba`. Ni faili isiyo na kitu, kazi yake ni kukalia nafasi. Katikati ya safari diski ikigonga sifuri, unaifuta, unapata GB 2 papo hapo bila kufikiri nini kifutwe, unaendesha `sudo dpkg --configure -a` na `sudo apt -f install`, mambo yanaendelea.

Swali lako la mwisho, la kuigawa diski kama ungesakinisha upya. Leo huna haja, ila siku ukijenga seva nyingine ya aina hii: `/boot` GB 2, patisheni ya EFI GB 1 kama mashine inawaka kwa UEFI, na kilichobaki chote kiende LVM. Ndani ya LVM, `/` GB 30, ukiiongezea kama Docker itakaa humo. `/var/lib/postgresql` ipe eneo lake lenyewe, lenye angalau mara mbili ya data uliyonayo, ili siku hifadhidata ikigeuka isimsonge mtu na wala logi zisiisonge yenyewe. `/var/log` nayo naipenda ijitegemee, GB 5 au 8. Logi zikivimba zinazibana logi wenzake tu. `/usr` na `/home` kwenye seva sizitenganishi, ni kujitafutia kuta za kugongana nazo. Swapu, nafasi ya diski inayosaidia RAM, iwe faili, si patisheni, kwa sababu faili unaibadili ukubwa siku yoyote. Diski ikizidi TB 2 tumia jedwali la patisheni la GPT, lile la zamani la MBR haliwezi kufika huko. Na robo hivi ya kundi la LVM iache bila mwenyewe, VFree, kama kisakinishi kilivyokuachia wewe bila kukuambia.